Sifa ya Mkono na Alama ya Ubora

Mtengenezaji wa mabuyu au achari mtaani Kuze, Mji wa Kale, Mombasa, huuza kwa sifa ya mkono wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haifiki mbali: mnunuzi wa Nairobi hamjui. Ndipo inapohitajika alama ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya 1974. Mkaguzi hutazama mahali pa kazi, sampuli hupimwa maabara, na bidhaa ikifaulu hupewa kibali chenye nambari ambayo mteja anaweza kuihakiki kwa simu.

Wapo wasemao ada ni mzigo na ulimi wa mteja unatosha. Kuhusu ada wana hoja. Serikali iwapunguzie wadogo. Lakini ulimi hauonji sumukuvu, ambayo hata pilipili kavu huweza kuwa nayo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mengi yalitoka mashambani mwao wenyewe. Kukijua chakula kilikotoka hakukuwakinga. Basi mafundi wa Kuze waungane, wachangie gharama ya jiko linalokubalika, wapimwe. Uaminifu wao unastahili ushahidi.