Swali la kijana lililofufua mtaa Houston

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa sekondari walimtembelea mchoraji Rick Lowe kwenye karakana yake jijini Houston, Texas. Walikuta picha kubwa zinazoonyesha dhiki za watu Weusi wa jiji hilo. Kijana mmoja akamwambia kuwa hayo wanayaishi kila siku, hawahitaji kuonyeshwa. Kama kweli yeye ni mbunifu, mbona habuni suluhisho?

Lowe hakulipuuza swali lile. Mwaka 1993, yeye na wasanii wenzake sita walianzisha Project Row Houses katika Third Ward, mtaa wa miaka mingi wa Wamarekani Weusi. Walichukua nyumba 22 zilizotelekezwa: za mbao, nyembamba, vyumba vikifuatana kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Wengi waliziona ni za kubomolewa tu. Lowe aliziona kwa jicho la John Biggers, mchoraji aliyeanzisha idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Texas Southern, ambaye katika picha zake nyumba za namna hiyo zina hadhi. Watafiti wamefuatilia asili ya ujenzi huo hadi Haiti na Afrika Magharibi.

Watu wa kujitolea wakasomba taka, wakapiga rangi, wakaezeka upya. Baadhi ya nyumba zikawa za wasanii kuonyesha kazi zao. Lakini kilichonigusa zaidi ni nyumba zilizotengwa kwa ajili ya akina mama vijana wanaolea watoto peke yao. Mama anakaa hapo na mwanawe huku akimalizia masomo, akipata ushauri na majirani wa kumtegemea. Mmoja wao aliendelea hadi akapata shahada ya udaktari ya sosholojia, kisha akarudi kuutumikia mtaa uleule.

Hapa ndipo miradi mingi ya vijana inapokwama. Kijana hupewa brashi, fulana na cheti, akapigwa picha na mgeni rasmi, kisha anarudi nyumbani na shida zilezile za kodi na karo. Houston, sanaa iliingia kwenye kodi yenyewe: baadaye iliundwa taasisi ya kujenga nyumba za kupanga kwa bei nafuu, na wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Rice wakashiriki kuzibuni.

Vita havijaisha. Bei ya ardhi Third Ward imepanda, na wakazi wa zamani wanasukumwa nje. Hata hivyo nyumba zile bado zimesimama, na mwaka 2014 Lowe alipewa tuzo ya MacArthur, ambayo Marekani hutolewa kwa watu wabunifu.

Halmashauri na wafadhili wanaopanga miradi ya sanaa kwa vijana, waulizeni kwanza vijana wenyewe wanataka kujenga nini. Kisha wapeni jengo na funguo zake.