Friza Haigandishi: Tuangalie Nini Kabla ya Kujaza Gesi?

Mama mmoja jirani yetu hapa Utete huuza barafu za ubuyu, na huwahifadhia wavuvi samaki kwenye friza ya nyumbani kwake. Katika miezi sita alimlipa fundi mara tatu kujaza gesi. Kila mara friza iligandisha wiki chache, kisha barafu zikawa maji na kambale wa watu wakaanza kunuka. Fundi alisema gesi "imeisha".

Ndugu msomaji, gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ile iliyowekwa kiwandani yaweza kudumu miaka mingi. Ikipungua, basi kuna tundu. Kujaza bila kuziba tundu ni kutia maji kwenye pakacha. Fundi apake povu la sabuni kwenye mabomba na maungio, azibe panapotoa mapovu, ndipo ajaze gesi ya aina iliyoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Ikiwa ni R600a awe mwangalifu sana, maana inashika moto. Asichomelee bomba kabla ya kuitoa yote mahali penye hewa ya kutosha.

Lakini mara nyingi kosa si gesi. Shika neti ya nyuma wakati mashine inanguruma (baadhi ya friza mabomba hayo yamefichwa ubavuni). Ikiwa ya moto na friza haigandishi, huenda joto halipati pa kutokea: vumbi limejaa, au friza imebanwa ukutani karibu na jiko. Chomoa umeme, fagia, isogeze mbele kiasi cha kiganja kimoja. Ikiwa neti ni ya baridi huku mashine inanguruma bila kupumzika, hapo shaka ya gesi ina msingi.

Mashine ikiwaka na kuzima baada ya muda mfupi kwa mlio wa "tik", hasa jioni, shaka kubwa ni umeme mdogo. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, liko kwenye mto wetu huu huu, lakini nguvu inayofika ukutani hutegemea pia urefu wa laini na wingi wa nyumba. Friji huhitaji karibu volti 230. Kifaa cha kuilinda ni nafuu kuliko kompresa mpya.

Bana karatasi kwenye mlango. Ikitoka bila kukwama, mpira umelegea na joto linaingia.

Kwa wanaonunua friji zilizotumika Ulaya, tazameni herufi kwenye kibandiko. N imetengenezwa kwa joto la chumba lisilozidi nyuzi 32. T hustahimili hadi 43, na ndiyo inayotufaa huku kwetu.

Jirani yetu alipata fundi mwingine aliyetumia sabuni. Mapovu yakatoka ndani ya friza, mahali alipozoea kuchokoa mifuko ya barafu kwa ncha ya kisu. Tundu lilizibwa, gesi ikajazwa mara ya nne. Siku hizi huizima, huweka beseni la maji ya moto ndani, na kuacha barafu ianguke yenyewe.