Sarafu ya babu ni shilingi ngapi?

Wiki hii nitazungumzia sarafu kuukuu. Bei ya dhahabu na fedha ikipanda, makasha hufunguliwa. Vitu vilivyolala humo tangu enzi za mabibi na mababu hutolewa, hufungwa kwenye pindo la khanga na kupelekwa kwa masonara, Kariakoo. Ushauri wangu ni mmoja: usiuze kabla hujajua unauza nini.

Sarafu ina bei mbili. Ya kwanza ni bei ya madini yaliyomo. Ya pili ni bei ya mkusanyaji, mtu anayetazama uchache wa sarafu na hali yake. Sonara hulipa ile ya kwanza, tena akitoa na faida yake. Si dhuluma hiyo, kwani yeye hununua dhahabu, hanunui historia.

Bei ya madini ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua uzito, zidisha kwa kiwango cha usafi, kisha zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo. Zamani kule Unguja palikuwa na "reale ya dhahabu", nayo ilikuwa dola 20 ya Marekani. Uzito wake ni gramu 33.4, na sehemu 900 katika kila 1,000 ni dhahabu, yaani gramu 30 safi. Reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ina gramu 28, na humo fedha safi ni gramu 23 na ushei. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, fedha safi gramu 10.7.

Shilingi ya Afrika Mashariki ndiyo inayowaponza wengi. Ile ya 1921 hadi 1946 ni robo tu fedha, hata gramu 2 hazifiki. Ya kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Mama mmoja, jirani yangu hapa Upanga, aliniletea shilingi za namna hiyo akitumaini zitalipa ada ya mwanawe. Ilinibidi nimweleze ukweli huo kabla hajapoteza nauli.

Sasa tuje kwenye bei ya pili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walizingirwa baharini na Waingereza, sarafu zikaadimika. Mwaka 1916 wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 huko Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja ina tembo mbele ya mlima, upande wa pili tai. Uzito wake ni gramu 7.17 za karati 18, basi dhahabu safi ni gramu 5.4. Pauni ya dhahabu ya Mwingereza ina gramu 7.3 safi. Kwa sonara, pauni inamshinda tembo. Kwa mkusanyaji, tembo huuzwa mara kadhaa ya bei ya pauni ya kawaida, maana zilitengenezwa 16,000 na kitu tu.

Lakini umri peke yake si thamani. Tabora hiyohiyo, mwaka huohuo, ilitoa heller za shaba za 5 na 20 kwa wingi mno, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Heller hizo ndizo zilizotuachia neno "hela". Na reale ya Sham zote zimeandikwa 1780, hata zile zilizopigwa Vienna miaka ya karibuni. Usidanganywe na tarehe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza, msisugue sarafu kwa majivu wala ndimu. Mkusanyaji akiona mikwaruzo hushusha bei. Pili, ipimeni kwenye mizani ya sonara. Uzito usipolingana na huo niliotaja, tilieni shaka, kwani tembo wa Tabora wa bandia ni wengi. Tatu, wekeni sumaku karibu. Dhahabu na fedha hazivutwi. Nne, ulizeni bei kwa watu watatu kabla ya kupokea pesa ya mmoja.

Haraka haraka haina baraka. Sarafu ikishaingia kwenye moto wa sonara, iliyobaki ni dhahabu tu, na tembo harudi. Tukutane wiki ijayo.