Kuhariri Sauti kwa Kompyuta: Kweli na Si Kweli

Ilemba, katika Bonde la Rukwa chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, kama ilivyo huko juu Ufipa, haikosi wanakwaya wala wazee wenye hadithi za Kifipa. Sauti zao hustahili kusikika vizuri, na kwa kazi hiyo kompyuta ya kawaida na programu ya bure vinatosha. Wengi hukwama kwa sababu ya mambo waliyoyasikia kwa watu. Tuyapime moja moja.

"Programu ya bure ni ya wizi, au ni ya kujifunzia tu."
SI KWELI. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini hapa msemo huo haushiki. Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma Mei 2000. Leseni yake, GPL, inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuinakili na kuigawa. Muse Group iliichukua mwaka 2021, na leseni hiyo ikabaki. Programu ya wizi ni ile ya kulipia iliyovunjwa kufuli, inayopita mkono kwa mkono kwenye flashi, na mara nyingi na virusi ndani.

"Bila intaneti huwezi kuhariri."
SI KWELI. Intaneti inahitajika mara moja tu, wakati wa kuipakua kutoka tovuti ya Audacity yenyewe. Anayekwenda Sumbawanga mjini anaweza kurudi nayo kwenye flashi na kuiweka kwenye kompyuta ya shule, ya parokia na ya kwaya, bila kuvunja sheria yoyote. Apakue na FFmpeg, programu saidizi, safari hiyo hiyo, kwa kuwa simu nyingi hurekodi kwa muundo wa m4a, na Audacity huhitaji msaada huo ili kuufungua.

"Kompyuta itaondoa kelele yoyote."
SI KWELI, na imani hii ndiyo inayoharibu rekodi nyingi. Kifaa cha kupunguza kelele hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza unakionyesha kelele tupu, sekunde moja au mbili kabla msemaji hajaanza, nacho kinaitambua. Kisha unachagua rekodi yote na kukiamuru kipunguze kelele ya namna hiyo. Kwa hiyo hufaulu pale kelele isipobadilika: feni, mvumo wa jenereta ya mbali, au mchakacho mwembamba wa maikrofoni.

Mvua juu ya bati haitulii hivyo. Hupanda na kushuka, tena hutanda kwenye masafa yale yale ya sauti ya mtu. Ukilazimisha kuiondoa, maneno hubaki kama yanatoka chini ya maji. Mwangwi wa kanisani nao ni sauti ile ile ya mwimbaji inayorudi kutoka ukutani, hivyo kifaa hicho hakiwezi kuutenga. Jogoo akiwika kati ya sentensi mbili, kata kipande hicho. Akiwika juu ya neno, mwombe msemaji arudie sentensi nzima.

Dawa iko kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Mvua za Rukwa kwa kawaida hunyesha kati ya Novemba na Aprili, basi panga kazi kubwa kiangazi. Msimulizi akae chumba chenye magodoro, mablanketi na nguo, vitu vinavyomeza mwangwi. Weka kinasa sauti karibu shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ya njia ya pumzi. Acha sekunde chache za ukimya mwanzoni, ndizo zitakazokifundisha kifaa kelele ya chumba.

"Sauti iliyopasuka hurekebishwa kwa kuipunguza."
SI KWELI. Kipimo cha sauti kikigonga sifuri, vilele vya wimbi hukatwa, na kilichokatwa hakikurekodiwa popote. Ukiipunguza baadaye utapata sauti ndogo iliyopasuka vile vile. Kabla ya kurekodi kwaya, waimbe ubeti wenye nguvu kuliko yote, nawe upange kiwango ili vilele viishie desibeli 6 hadi 12 chini ya sifuri.

"Simu inatosha kurekodi."
KWELI, hasa kwa masimulizi ya mtu mmoja. Ukaribu na utulivu wa chumba huleta tofauti kubwa kuliko bei ya kifaa. Ila usihamishe rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu hubanwa. Tumia waya, au itume kama hati.

"Nikishahifadhi, wimbo uko tayari."
SI KWELI. Ukihifadhi, Audacity hutengeneza faili ya mradi, ambayo tangu mwaka 2021 huishia na aup3, na redio au simu haiwezi kuicheza. Lazima utoe nakala ya WAV au MP3.

"MP3 ikigeuzwa kuwa WAV, ubora hurudi."
SI KWELI. WAV ya stereo yenye sampuli 44,100 kwa sekunde hula takriban MB 10 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1. Kilichotupwa katika kubana sauti kuwa MP3 hakirudi. Utapata faili kubwa yenye sauti ile ile. Tunza WAV kama nakala mama, na MP3 itoke mwisho, ya kugawia watu.

"Kukata kunaweza kupotosha."
KWELI, na hapa mhariri anabeba dhamana. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1978 kitabu kuhusu sanaa simulizi ya Wafipa. Kitabu huhifadhi maneno. Kicheko, kusita na kupanda kwa sauti vinahitaji rekodi. Kwa hiyo anayehariri masimulizi ya mzee kuhusu malungu, yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, asifute kila ukimya. Msimulizi hunyamaza kabla ya jambo zito ili msikilizaji ajiandae. Kata kikohozi na maneno yaliyojirudia kwa bahati mbaya. Usihamishe jibu kwenda kwenye swali lingine, na usiguse rekodi ya awali: fanya kazi kwenye nakala.

Ukimaliza, mrudie mzee na umsikilizishe kazi yote kabla haijafika redioni au kwenye simu za watu. Akisema kipande fulani hakimwakilishi, kirekebishe. Sauti ni yake. Programu ni ya bure, lakini ridhaa yake huombwa.