Mali bila daftari: neno kwa watakaokabidhiwa ramani zetu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Bila shaka walikuwa wakimfikiria mwenye duka, lakini leo ningependa kuuelekeza usemi huo kwa mali ya aina nyingine, ambayo wengi wetu huitumia bila kujua inakohifadhiwa. Nazungumzia ramani zinazotolewa kwa umma kupitia mtandao.

Ramani ya mtandaoni si picha iliyobandikwa ukutani. Nyuma yake ipo tarakilishi iitwayo seva, na ndani ya seva imo programu ambayo kazi yake ni kupokea maombi na kuchora. Mtu akiomba mito ya eneo fulani, programu huiendea hifadhidata, huchukua vipimo vya mito hiyo, huipaka rangi ya samawati kama ilivyoagizwa, kisha humpelekea mwombaji picha. Miongoni mwa programu za aina hii ni GeoServer, iliyoanzishwa jijini New York mwaka wa 2001 na ambayo hutolewa bure kwa yeyote aitakaye. Nitaitumia hiyo kama mfano.

Jambo hili linatuhusu Wakenya moja kwa moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inaitaka kila kaunti, katika zile 47, iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi yake, uliojengwa juu ya hifadhidata ya taarifa za kijiografia. Wanafunzi wanaosoma jiografia na somo la tarakilishi hivi leo ndio watakaokabidhiwa seva za ramani hizo kesho. Swali langu ni hili: je, tunawafundisha namna ya kuzihamisha kutoka toleo la kale hadi toleo jipya bila kupoteza kilichomo?

Wako wasimamizi watakaonijibu kwamba maadamu seva inafanya kazi, isiguswe. Naielewa hofu yao, lakini siikubali hoja yao. GeoServer hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita, na kila toleo hutunzwa kwa mwaka mmoja hivi. Baada ya hapo, kasoro itakayogunduliwa haina wa kuirekebisha. Mnamo Julai 2024 ilitangazwa kasoro iliyopewa nambari CVE-2024-36401. Kwa kasoro hiyo, mtu asiye na nywila yoyote angeweza kutuma ombi lililotungwa kwa hila na kuifanya seva itekeleze amri zake. Uzito wake ulikadiriwa kuwa 9.8 kati ya 10. Tiba ilipatikana katika matoleo 2.23.6, 2.24.4 na 2.25.2. Mwezi huohuo CISA, shirika la Marekani la usalama wa mitandao, lilionya kwamba wavamizi walikuwa wamekwisha kuitumia. Mnamo Septemba 2025, shirika hilo lilieleza jinsi idara moja ya serikali ya nchi hiyo ilivyoingiliwa kupitia mlango huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe una kumbukumbu za umma ndani yake.

Hata hivyo, hofu ya wasimamizi ina chanzo. Programu yenyewe haina thamani ya kulilia, kwani ikipotea leo itapatikana tena bure kabla ya chakula cha mchana. Kisichopatikana tena ni mipangilio: orodha ya matabaka ya ramani, mitindo ya rangi na alama, miunganisho ya hifadhidata, na ruhusa za nani aone nini na nani abadilishe nini. Hiyo ni kazi ya watu, pengine ya miaka mingi, na waliyoifanya huenda wamekwisha kustaafu.

GeoServer huiweka mipangilio hiyo katika folda moja ya data. Msimamizi asipotoa maagizo mengine, folda hiyo hukaa ndani ya folda ya programu yenyewe. Hapo ndipo penye mtego. Programu ya kale ikiondolewa ili mpya iwekwe, folda ya data huondoka nayo, na asubuhi yake wananchi hukuta ramani za mfano zilizokuja na programu badala ya ramani za kaunti yao. Dawa yake ni kuitoa folda hiyo nje, mahali pake pa pekee, na kuielekeza programu huko. Yafaa jambo hilo lifanywe siku ya kwanza, wala lisingojee siku ya kuhama.

Lakini asidhani msomaji kwamba folda hiyo ndiyo yote. Nywila za hifadhidata husitiriwa kwa ufunguo unaokaa katika sehemu ya usalama. Anayenakili matabaka na kuuacha ufunguo atakuwa na orodha ndefu ya ramani zisizofunguka. Viongezo navyo, yaani vile vipande vinavyoipa programu uwezo zaidi, ni lazima viwe vya toleo lilelile la programu. Marekebisho yaliyofanywa katika faili ya web.xml, kama vile ruhusa ya tovuti nyingine kuzitumia ramani, hufutika toleo jipya linapowekwa. Hata lugha ya Java ambayo programu huitegemea hubadilika: tangu toleo 2.23 la mwaka wa 2023, Java 8 haikubaliki tena. Mambo haya yote yanahitaji kuandikwa. Hilo ndilo daftari ninalolisema.

Kuna pia watu ambao msimamizi hawaoni. Ni wale walioziunganisha programu zao na seva yake, wakitegemea anwani na majina ya matabaka. Tabaka lililoitwa "mito" likipewa jina jipya, programu zao hunyamaza. Aidha, kanuni ya kuomba ramani iitwayo WMS ilibadilika kati ya toleo 1.1.1 na 1.3.0. Katika mfumo wa viwianishi uitwao EPSG:4326, longitudo ilitangulia hapo awali, lakini sasa latitudo ndiyo itanguliayo. Nairobi iko karibu na longitudo 36.8 mashariki na latitudo 1.3 kusini. Anayezigeuza namba hizo bila kujua ataiona Nairobi katika Bahari ya Mediterania, kusini mwa Uhispania. Walimu wa jiografia, hapo pana somo zuri la darasani!

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi kueleza, ingawa unahitaji subira kuutenda. Folda ya data inakiliwe kwanza, na nakala ya akiba iwekwe katika tarakilishi nyingine. Toleo jipya lisimamishwe kando, lipewe nakala hiyo na kamwe lisipewe asili, kwa maana toleo jipya laweza kuigeuza mipangilio iwe katika umbo ambalo la kale halitaweza kulisoma tena. Seva zote mbili ziulizwe maswali yaleyale: mna matabaka gani? Chora eneo hili. Je, huyu aruhusiwe kuingia? Majibu yalinganishwe moja baada ya jingine. Yakilingana, anwani ambayo umma umeizoea ielekezwe kwa seva mpya, na ya kale ihifadhiwe kwa muda, imezimwa, hadi itakapodhihirika kwamba hakuna kilichopungua.

Sisi tunaofundisha tuna mazoea ya kumpa mwanafunzi alama kwa kujenga kitu kipya. Ni nadra kumpa alama kwa kukipokea kitu cha mwenzake, kukihamisha, na kukikabidhi kikiwa kizima. Ilhali hiyo ndiyo kazi itakayomsubiri ofisini, ambako atakuta seva iliyowekwa na mtu asiyemjua. Kwa kuwa programu hii ni ya bure, tarakilishi moja ya maabara yatosha. Mwanafunzi apewe seva yenye matabaka 20 ya toleo la zamani, aihamishe, kisha aeleze kwa maandishi kila alichokikuta na kila alichokigusa. Mwenzake alisome andiko hilo na kuirudia kazi hiyo bila kumuuliza swali hata moja. Akikwama, na arudi kwa mwandishi, walikamilishe daftari pamoja.