Mieleka: namna ya kumlazimisha mpinzani asalimu amri

Kwa miaka mingi, jioni za Ijumaa, wafanyakazi kutoka Pakistan na India walikusanyika mchangani mtaani Deira, Dubai, kutazama kushti, mieleka ya jadi ya kwao. Mshindi huwa yule anayemlaza mwenzake chali.

Katika michezo ya video ya WWE, ipo aina ya pambano ambamo kumlaza mtu chali hakuhesabiwi. Mshindi hupatikana pale tu mpinzani anaposalimu amri.

Mchezaji stadi hatawanyi mapigo. Huchagua kiungo kimoja, mguu au mkono, na kukishambulia hadi kidhoofike. Kisha humsogeza mpinzani mbali na kamba, asije akazishika na kujinasua, ndipo humkaba.

Kanuni hiyo ina asili katika mieleka halisi. Mashindano ya dunia ya ADCC, yaliyoanza Abu Dhabi mwaka 1998, humruhusu aliyezidiwa kugonga kwa kiganja ili aachiwe.

Kwenye skrini, anayekaidi hupoteza pambano tu. Ulingoni, huweza kuvunjika mkono au kuzirai. Oktoba 2020, mjini Abu Dhabi, Justin Gaethje aligonga alipokabwa na Khabib Nurmagomedov, lakini alizirai kabla mwamuzi hajawatenganisha.