Jembe na Kitabu: Kutoka Tuskegee hadi Kabianga

Ukipita Kabianga, katikati ya nchi ya majani chai ya Kericho, utakuta shule ya upili na chuo kikuu. Je, wajua kwamba elimu waliyopewa babu zetu katika shule za serikali za kikoloni ilifuata kwa sehemu mfano wa chuo cha watu weusi wa Marekani?

Chuo hicho ni Tuskegee, jimboni Alabama, kilichoanzishwa mwaka 1881. Mkuu wake wa kwanza, Booker T. Washington, alizaliwa mtumwa. Wanafunzi wake walifyatua matofali na kujenga madarasa yao wenyewe. Kwao, kazi ya mikono ilikuwa njia ya kujitegemea.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Kenya kuchunguza elimu ya Waafrika. Ndani yake alikuwemo James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliyekuwa mwalimu katika chuo kingine cha watu weusi, Livingstone, huko North Carolina. Tume iliusifu mfano wa Tuskegee. Mwaka 1925 Jeanes School ikafunguliwa Kabete, ambapo walimu walifika na wake zao kujifunza kilimo, usafi na malezi, kisha wakatumwa kusimamia shule za vijijini. Mwaka huo huo shule ya Kabianga ilianzishwa. Shule za serikali za namna hiyo zilitilia mkazo useremala, uashi na ukulima.

Ubaya uko wapi? Si kwenye jembe. Wakati huo makampuni ya Waingereza yalikuwa yakipanda chai Kericho, katika ardhi waliyonyang'anywa wenyeji. Mashamba yalihitaji vibarua. Mzazi wa Kericho au Bomet aliyetaka mwanawe asome hadi juu alikuta njia nyembamba mno. Hata Marekani, msomi mweusi W.E.B. Du Bois alikuwa amekwisha kuonya mwaka 1903 kwamba ufundi pekee hautoshi.

Lakini usiwalaumu weusi wenzetu wa ng'ambo. Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Wengine wengi wakafuata, na baadhi yao walipokelewa na vyuo vya watu weusi. Safari hii walifuata shahada.

Leo Kabianga ina chuo kikuu kamili, kilichopata hati yake mwaka 2013. Basi mzazi, mwanao akipenda ufundi, usimdharau, mnunulie vifaa. Akipenda vitabu, usimkatize. Wewe mwanafunzi nawe, anayekuelekeza kwenye jembe au kitabu muulize swali moja: shamba ni la nani?